Kichwa cha Alasiri

Assalamu alaykum, mama zangu na baba zangu wa Wete.

Kila msimu wa karafuu wachumaji huja kituo cha afya baada ya alasiri, kichwa kinawauma, mkono kwenye paji la uso. "Jua limenipiga." Jua lipo, sikatai. Lakini nikiwauliza mara ya mwisho wamekunywa nini, jawabu huwa chai ya asubuhi.

Tangu asubuhi umo juu ya mkarafuu, jasho linakutiririka, na jasho ni maji na chumvi. Mwili wa mtu mzima ni maji kiasi cha asilimia 60. Yakipungua sana, ubongo nao husinyaa kidogo. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Wataalamu wengi wanaeleza kuwa kinachouma ni utando unaoufunika na mishipa yake, inapovutwa.

Kipandauso ni maradhi mengine. Mara nyingi huuma upande mmoja, hupwita, mwanga huwa adui, na moyo huchafuka. Bila dawa huweza kukaa saa 4 hadi 72. Ukosefu wa maji peke yake haukupi maradhi hayo, ila kwa baadhi ya walio nayo huyaamsha, kama vile njaa na kukosa usingizi. Wanawake hupatwa karibu mara tatu kuliko wanaume.

Na hapo naja kwenu, mama zangu. Mmeniambia wenyewe: shambani hamnywi maji kwa sababu hamna pa kujisitiri. Wanaokwenda pwani kwenye mwani wananiambia hayo hayo. Huo si uzembe, ni stara, na mnailipia kwa kichwa. Wenye mashamba mliokaa hapa, nawaombeni kwa dhati: zungusheni makuti, chimbeni choo, kabla msimu haujaanza.

Rangi ya mkojo itakwambieni. Ukiwa mweupe kama maji ya ndimu, sawa. Ukifanana na chai ya rangi, mmechelewa. Kunyweni kabla ya kupanda mti, kisha kidogo kidogo. Dafu nalo linafaa. Kichwa cha kiu aghalabu hutulia ndani ya saa chache, mtu akinywa na kupumzika kivulini.

Lakini kichwa kilichokuja kwa kishindo, au chenye homa na shingo kukaza, au mkono kulegea, msikitibu kwa maji. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Mama uliyenyanyua mkono pale nyuma, karibu, uliza suali lako.