Bandari na Bara Lililo Nyuma Yake

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu na wanafunzi, huenda mtu akashangaa kwamba tumekutana Mbeya kuzungumza habari za bandari, ilhali wengi waliomo ukumbini humu waliiona bahari ukubwani na wengine hawajaiona bado. Mimi sishangai, kwa kuwa malori yanayoteremka Iwambi mchana na usiku kuelekea Tunduma yamebeba shehena iliyoshushwa gatini Dar es Salaam.

Tanzania Bara ina bandari kuu tatu za bahari, nazo ni Tanga, Dar es Salaam na Mtwara. Anayetazama ramani ya kina cha maji peke yake atasema Mtwara ndiyo iliyojaliwa, kwa maana ghuba yake ina kina kirefu cha asili na imekingwa vizuri na mawimbi. Bandari hiyo ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, reli nayo ikaja kung'olewa, na gati likabaki kwa miaka mingi likingoja korosho za msimu. Maji yalikuwapo, lakini hapakuwa na njia ya kuleta mzigo.

Dar es Salaam ilianza na sifa chache zaidi. Mlango wake ni mwembamba na wenye kona, kiasi kwamba meli kubwa huhitaji rubani wa bandari kuingia. Sultani Majid aliuanzisha mji huo katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani walihamishia huko makao yao kutoka Bagamoyo, ambako maji ya pwani ni mafupi na meli za moshi zililazimika kutia nanga mbali. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na kwa maoni yangu ni reli hiyo, kuliko maji, iliyoifanya Dar es Salaam kuwa bandari kuu.

Tanga nitaipitia kwa haraka. Reli yake ilianza mapema zaidi, mwaka 1893, ikaja kubeba mkonge. Lakini hadi miaka ya karibuni meli kubwa zilitia nanga nje na mizigo ikaletwa kwa matishari, mpaka gati lilipoongezewa kina kufikia mita 13.

Sasa turudi kwetu. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilijikuta njia zake za kusini ziko mikononi mwa wasioitakia mema. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Hata hivyo, upana wa njia yake ni milimita 1,067, na wa Reli ya Kati ya zamani ni 1,000, hivyo behewa la moja haliwezi kukanyaga njia ya nyingine ingawa zote mbili zinahudumia bandari moja. Baadaye, vita vya Msumbiji vilipoifungia Malawi njia za Beira na Nacala, mji huu ukawa mahali pa kuhamishia mzigo wa Malawi kutoka kwenye behewa kwenda kwenye lori la kuvukia Kasumulu. Mbeya imekuwa, kwa namna fulani, gati lisilo na maji.

Je, Nyanda za Juu Kusini zielekee Mtwara? Kwa Ruvuma jibu ni rahisi, na makaa ya mawe ya Ngaka yameanza kupitia huko kwa lori. Kwa Mbeya barabara ya Njombe, Songea na Tunduru inazunguka mno. Ugumu uko kwa mkulima wa parachichi wa Njombe, ambaye anahitaji kontena la ubaridi na meli yenye ratiba ya uhakika: meli haiji mpaka mzigo uwe mwingi, na mzigo hauwi mwingi mpaka meli ije. Ramani niliyokuja nayo imetundikwa ukutani nyuma yenu. Naomba maswali tuyaanzie hapo Makambako, reli na barabara ya Songea zinapokutana.