Bei Imepanda, Lakini Nani Amenunua?

Wakubwa zangu shikamooni, na vijana hamjambo.

Najua wengi wenu hapa Mwanza mkifungua simu kuangalia hisa, jicho hukimbilia bei. Ikiwa ya kijani, yaani imepanda, siku imekwenda vizuri. Leo nataka mwangalie namba ambayo wengi huiruka: idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo, ambayo madalali huiita voliumu.

Tuchukue kampuni ya mfano yenye hisa milioni 500. Jana ilifunga kwa shilingi 500. Leo mtu mmoja kanunua hisa 300 kwa shilingi 520, na hakuna mwingine aliyegusa. Katoa shilingi 156,000 tu, lakini kwa bei hiyo thamani ya kampuni nzima imeongezeka kwa shilingi bilioni 10. Bilioni hizo kazileta nani? Hakuna. Kesho akitokea mwenye hisa anayedaiwa ada ya shule, bei inarudi ilikotoka.

Hili mnalijua bila mwalimu. Pale Mwaloni, Kirumba, mgeni mmoja akinunua gunia la dagaa kwa bei ya kuruka, hakuna anayebadili bei ya ghala zima. Wakija wanunuzi wengi, mizigo ikatoka kwa wingi na bei isishuke, hapo imepanda kweli.

Nadharia inayobeba jina la Charles Dow, mwandishi wa habari za fedha wa New York, ina kanuni hiyo hiyo: voliumu ndiyo inayothibitisha mwelekeo wa bei. Mwaka 1963 mchambuzi wa hisa Joseph Granville akaitengenezea kipimo: siku bei ikipanda unajumlisha voliumu, ikishuka unatoa. Kipimo kizuri, ila kwa anayeanza naona kinamchosha bure.

Mimi hulinganisha voliumu ya leo na wastani wa siku 20 wa hisa hiyo hiyo. Usiipime benki ya CRDB kwa kampuni ambayo hisa zake hukaa siku kadhaa bila kuuzwa. Bei ikivuka pale ilipokuwa ikigota na kurudi, na voliumu ikawa mara mbili ya kawaida, naiamini. Ikirudi nyuma kidogo kwa voliumu ndogo, silali macho. Wenye hisa hawajakimbia. Ninachoogopa ni bei iliyopanda muda mrefu, kisha voliumu inafurika na bei haisogei. Hapo kuna mtu anatoka huku wengine wanaingia.

Sasa, Soko la Hisa la Dar es Salaam bado ni dogo. Lilianza biashara mwaka 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL, watengenezaji wa gesi, na hadi leo muamala mmoja mkubwa, ambao wahusika walishapatana pembeni, unaweza kubeba karibu mauzo yote ya siku. Kwa hiyo tazameni pia idadi ya miamala. Hisa milioni 2 kwa muamala mmoja, au hisa laki 4 kwa miamala 150? Mimi naipa uzito hiyo ya pili.

Mama pale mbele anauliza kama voliumu itamwambia kampuni ni nzuri. Hapana, mama. Hayo utayapata kwenye hesabu za kampuni. Tena gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, likikaribia, watu hukimbilia kununua kabla daftari la wanahisa watakaolipwa halijafungwa, na mara nyingi bei hushuka baada ya hapo. Ukiona voliumu imevimba, uliza kwanza tarehe ya kufunga daftari ni lini.