Mtandio wa Jirani

Wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilishambuliwa na wapiganaji wa al-Shabaab karibu na El Wak, kaskazini mashariki mwa Kenya. Abiria walijua kilichokuja kutafutwa. Mwaka mmoja nyuma, katika kaunti hiyohiyo, watu 28 waliteremshwa basini wakauawa kwa kuwa hawakuwa Waislamu. Safari hii akina mama Waislamu walitoa mitandio yao wakawafunika wanawake Wakristo waliosafiri nao. Walipoamriwa wajitenge, Waislamu wakagoma: mtuue sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera, alikuwa miongoni mwao. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Wale akina mama huwa nawawaza sana. Nafasi ya kushauriana hawakuwa nayo. Mkono uliomfunga mgeni mtandio ulikuwa na mazoea ya zamani, pengine tangu utotoni, ulipotumwa kupeleka sahani ya chakula kwa jirani.

Sasa niwaeleze ya nyumbani kwangu. Mwaka jana binti yangu wa miaka minane aliuliza mezani, wageni wapo: "Mama, mbona dada anakula jikoni peke yake?" Alimaanisha dada wetu wa kazi. Nikamkazia macho. Akanyamaza, akainamia wali wake, akawa anauchambua punje kwa punje.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Mtoto kaona mtu katengwa, kathubutu kusema mbele ya watu wazima, nami namfundisha kwamba adabu ni kufumba mdomo! Samaki mkunje angali mbichi, twasema, na mara ngapi tunamkunja kuelekea kwenye woga? Asubuhi nilimwita yeye na dada, nikawaomba radhi wote wawili. Mtoto alishangaa kuliko dada.

Najua mtasema dunia imechafuka, mtoto afunzwe kujiangalia mwenyewe. Hofu hiyo ninayo pia, nimezaa. Lakini jioni mwanao akikwambia kuna mwenzao kaonewa darasani, tafadhali usimjibu, "Yanakuhusu nini?" Muulize alifanya nini. Akisema aliogopa akakaa kimya, usimkemee, msogeze karibu, akueleze alimwogopa nani.

Kwetu siku hizi tunakula sote. Binti ndiye anayemvutia dada kiti.