Mwuaji Tunamjua, Mbona Bado Tunasoma?

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia riwaya za upelelezi za Uingereza, hasa zile ambazo mvuto wake umo katika mhusika kuliko katika fumbo lenyewe. Nipo na Mwalimu Salim, ambaye amezisoma kwa miaka mingi. Shikamoo, Mwalimu.

SALIM: Marahaba, Bi Zuhura. Zamani niliazima riwaya moja ya aina hiyo maktabani, ambayo leo sitaitaja, na nilipofika ukurasa wa 12 nikakuta msomaji fulani mwenye roho mbaya amelizungushia duara jina la mhusika mmoja kwa penseli, na pembeni ameandika, "Huyu ndiye mwuaji." Nilikasirika kiasi cha kutaka kukirudisha kitabu siku ileile. Hata hivyo mvua ilikuwa inanyesha na sikuwa na kitabu kingine, kwa hiyo nikaendelea, na saa sita za usiku zikanikuta bado nasoma.

ZUHURA: Ukiwa tayari umepewa jina la mwuaji?

SALIM: Nikiwa nalo. Wala sikuchoka, kwa sababu nilianza kumtazama yule mtu kuliko nilivyowahi kumtazama mhusika yeyote: anavyokaa mezani, anavyomjibu mama yake, anavyokwepa swali dogo lisilo na madhara. Tangu siku hiyo nimekuwa na shaka na wale wanaosema kwamba riwaya ya upelelezi huisha utamu pale siri inapofichuka.

ZUHURA: Kuna mwandishi aliyekufanyia makusudi kile alichokufanyia msomaji wa penseli. Ruth Rendell, katika "A Judgement in Stone" ya mwaka 1977, anamtaja mwuaji katika sentensi ya kwanza kabisa, anawataja waliouawa, na anatoa na sababu: mtumishi wa nyumbani, Eunice Parchman, aliiua familia ya akina Coverdale kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika.

SALIM: Na ukishaisoma sentensi hiyo unajiambia kwamba mambo yamekwisha.

ZUHURA: Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Unamwona Eunice katika nyumba iliyojaa vitabu, ya watu wema wanaompenda kwa namna ile ya kujipongeza, na kila mara wanapomwachia kikaratasi cha maagizo jikoni, wewe msomaji moyo unakudunda kuliko kama wangemwonyeshea bunduki. Siri anayoilinda ni aibu yake. Anasingizia kwamba macho yake ni mabovu, anajenga uongo juu ya uongo, na kila fadhila ya mabwana wake inamsogeza karibu na kufichuliwa. Nami, Mwalimu, nilikuwa nimeambiwa mwisho tangu mwanzo, na bado nilikuwa namwomba mtu asiingie jikoni.

SALIM: Hapo umegusa penyewe. Katika riwaya ya fumbo msomaji huuliza ni nani. Katika riwaya ya mhusika huuliza mtu wa namna gani, na akishaambiwa, bado jibu halimtoshi. Lakini mimi napenda zaidi kumtazama anayetafuta kuliko anayetafutwa, na hapo lazima nimtaje mwandishi Dorothy L. Sayers.

ZUHURA: Niseme kwanza kwamba mpelelezi wake, Lord Peter Wimsey, yule wa mwanzo, alinishinda. Mtoto wa ukoo wa kitajiri, mpiga soga, mwenye miwani ya jicho moja. Nilimwona ni mhusika bapa hasa, yaani asiye na undani wala kubadilika.

SALIM: Wengi humwacha hapohapo, na sikulaumu. Lakini hata katika riwaya ya kwanza, ya mwaka 1923, kuna usiku ambapo soga zile zinakatika ghafla. Wimsey alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa ofisa, na usiku huo anaamka akidhani anawasikia Wajerumani wakichimba chini ya mahandaki. Bunter, ambaye alikuwa sajini wake vitani na sasa ni mtumishi wake nyumbani, anamtuliza na kumrudisha kitandani. Ukisharejea kutoka hapo unazisikia soga zake kwa sikio jingine, kwa sababu unajua zimefunika nini.

ZUHURA: Na kumbuka jinsi riwaya hizi zilivyokuwa wakati ule. Mwaka 1929 padri Ronald Knox aliandika kanuni 10 za riwaya ya upelelezi, zikikataza, kwa mfano, kutumia mizimu au zaidi ya njia moja ya siri ndani ya nyumba. Ilikuwa kama karata: mwandishi na msomaji wamekaa mezani, na hairuhusiwi kuficha.

SALIM: Naye Sayers alikuwa miongoni mwa walioicheza karata hiyo kwa ustadi, kisha akachoka nayo. Mwaka 1930 alimleta Harriet Vane, mwandishi wa riwaya za upelelezi anayeshtakiwa kwa kumpa sumu mwanamume aliyewahi kuishi naye. Wimsey anampenda, anamposa akiwa bado gerezani, anamwokoa na kitanzi, na Harriet anamkatalia. Anamkatalia kwa sababu anaona kwamba ndoa inayoanza kwa deni la uhai si ndoa ya watu wawili walio sawa. Inachukua miaka 5 ya riwaya mpaka amkubali, na riwaya anamomkubali, "Gaudy Night", haina hata maiti moja.

ZUHURA: Haina maiti, lakini ni ndefu kweli. Kuna kurasa za maongezi ya wanazuoni wa Oxford ambazo mimi, nisamehe, nilizipita kwa kidole.

SALIM: Nimekusamehe, ingawa kwa shida! Lakini swali linaloongoza kurasa hizo ni zito: je, mtu aseme ukweli hata pale unapomvunja mwingine? Swali hilo halikuwa la darasani tu. Katika Uingereza ya miaka ile, aliyepatikana na hatia ya mauaji alihukumiwa kunyongwa, na adhabu hiyo haikusitishwa mpaka mwaka 1965. Maana yake ni kwamba mpelelezi hodari anayesimama sebuleni na kumnyooshea mtu kidole, huku wageni wakishangaa akili zake, alikuwa anaanza kusokota kamba. Riwaya nyingi za wakati huo zilifunga kitabu kabla ya kamba kufika.

ZUHURA: Sayers hakufunga.

SALIM: Hakufunga. "Busman's Honeymoon", ya mwaka 1937, inamkuta Wimsey na Harriet wakiwa fungate, na maiti inapatikana katika nyumba waliyoinunua. Fumbo linafumbuliwa, na mtambo wa mauaji unaelezwa kwa ufundi wote unaotakiwa. Kwa kanuni za karata, mchezo umekwisha. Lakini kitabu kinaendelea. Wimsey anamtafutia mwuaji wakili bora wa kumtetea, kisha anamwendea gerezani kumwomba msamaha, na yule mtu anamkatalia. Usiku wa kuamkia siku ya kunyongwa, Wimsey hawezi kulala wala kukaa peke yake, na saa 2 asubuhi inapogonga yeye analia mikononi mwa mkewe. Yule mpiga soga wa mwaka 1923, Bi Zuhura. Sayers alihitaji miaka 14 kumfikisha pale, na ingekuwa riwaya moja tu, machozi yale yasingekuwa na uzito wowote.

ZUHURA: Sasa nimeelewa kwa nini unang'ang'ania zisomwe kwa mfululizo. Hata hivyo, usiwaonee wanaopenda fumbo. Mwandishi Agatha Christie hakujishughulisha sana na undani wa mpelelezi wake, Hercule Poirot. Tangu mwaka 1920 alimpa masharubu, ukimbizi kutoka Ubelgiji na majivuno, akaachia hapo. Lakini Poirot alipokufa kitabuni mwaka 1975, gazeti la New York Times lilichapisha tanzia yake katika ukurasa wa mbele, kana kwamba ni mtu aliyewahi kulipa kodi ya nyumba. Mhusika bapa naye huomboleziwa.

SALIM: Nakubali. Hata kwetu ni hivyohivyo: mwandishi Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtwalia mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko na rafiki yake Najum kutoka mtindo wa mpelelezi wa Kiingereza Sherlock Holmes na rafiki yake Watson, na wasomaji wengi wanakikumbuka kile kiko kuliko wanavyokumbuka nani alimwua nani katika "Mzimu wa Watu wa Kale". Alama moja nzuri humshika msomaji. Tofauti ninayoiona ni kwamba kiko hakizeeki, lakini mtu huzeeka.

ZUHURA: Ndiyo sababu mimi nampenda Inspekta Mkuu Morse wa Colin Dexter, ambaye alianza mwaka 1975 na kuishia mwaka 1999, akiwa amezeeka kitabu baada ya kitabu. Mpelelezi anayeogopa kutazama maiti! Anayepoteza nusu saa kumrekebishia mtu tahajia, anayefumbua chemshabongo za magazeti kwa kasi, na ambaye karibu kila kesi huanza kwa kukosea kabisa. Anajenga maelezo mazuri yanayopendeza kama shairi, halafu ushahidi mmoja mdogo unayabomoa, naye anakwenda kunywa bia ambayo, aghalabu, analipa msaidizi wake, Sajini Lewis.

SALIM: Ubahili ule! Na Dexter haufanyi kuwa kichekesho tu.

ZUHURA: Hapana, kwa sababu unatuonyesha Lewis. Tunamfahamu Lewis kwa vile anavyolipa bila kusema. Morse ana akili nyingi na hana wa kurudi kwake jioni, Lewis ana akili ya kawaida na mke anayemkaangia mayai na chipsi, na kati yao mapenzi hayatamkwi hata mara moja. Baadaye Morse anagunduliwa kuwa na kisukari, anaambiwa aache pombe, haachi, nasi tunaisoma kesi huku tukihesabu bia zake. Katika riwaya ya mwisho nilijikuta sijali sana nani mwuaji. Nilitaka Morse aende hospitali mapema.

SALIM: Ukawa unapeleleza afya ya mpelelezi.

ZUHURA: Kabisa. Lakini Mwalimu, muda unatuishia na kuna jambo moja limenikaa rohoni tangu mwanzo. Kitabu chako cha maktaba. Yale maandishi ya penseli, uliyafuta kabla ya kukirudisha?

SALIM: Sikuyafuta.

ZUHURA: Nawe ukawaharibia wengine?

SALIM: Subiri kwanza. Nilimtazama yule mhusika kwa kurasa 300, nikaona hatia katika kila kikombe alichoshika, mpaka nikafika mwisho na kukuta kwamba hakuua mtu. Alikuwa na huzuni tu. Jina lilikuwa la uongo, Bi Zuhura, na nikaliacha palepale lilipo.