Skana, Mnara na Fenesi la Nalongo

HASSAN: Karibuni tena jamani. Leo tumepanga skana tatu za redio, tuone ipi inanasa mbali zaidi sauti za zimamoto, za waokoaji, za boti. Lakini kwanza, dada Zaituni, Jumatatu nimeitwa na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa.

ZAITUNI: Banange! Umefanya nini tena?

HASSAN: Antena. Niliipandisha juu ya mfenesi wa Nalongo, mwenye nyumba wangu. Mita 16, waya mweusi ukashuka mpaka dirishani kwangu. Majirani wakasema nauibia mfenesi umeme.

ZAITUNI: Kwani mfenesi una umeme?

HASSAN: Mwenyekiti aliuliza hivyohivyo! Nikamwambia nasikiliza chaneli ya 16 ya ziwani, megahezi 156.8, boti zikipatwa na shida zinaitia hapo. Akanitazama. "Ssebo, hapa Ggaba ziwa unaliona kwa macho. Unalisikiliza la nini?"

ZAITUNI: (anacheka) Na leseni je? Sheria ya Mawasiliano ya 2013 ipo, na UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, hawana utani.

HASSAN: Hayo tuliyaongea pembeni. Balaa lilikuja usiku. Fenesi likaanguka, puu! Likashuka na antena yangu mpaka kwenye tangi la maji.

ZAITUNI: Zito?

HASSAN: Kama mtoto wa darasa la kwanza.

ZAITUNI: Na mlilila?

HASSAN: Tulilila, tufanyeje? Likiwa na vipande vya waya. Sasa nimeamua: binamu yangu wa Minnesota aniletee skana ya Uniden SDS100.

ZAITUNI: Dola zaidi ya 600 kwa sababu ya fenesi!

HASSAN: RTL-SDR yangu ya dola 30, kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, inazidiwa, dada. Nafungua masafa ya ziwani, nasikia mtangazaji wa FM anasoma salamu za harusi.

ZAITUNI: Hiyo ni minara ya FM huko vilimani, inakufunika. Weka filta ya kuzuia 88 mpaka 108, yaishe. Na huo waya mweusi ni RG-58, sivyo? Mita 20 za waya huo, zaidi ya nusu ya mawimbi inaishia njiani. Afadhali hata waya wa dishi la televisheni.

HASSAN: Basi nisikilize na mimi. Nimepiga hesabu. Kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya anayerusha, jumlisha na cha yangu, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita ambazo mawimbi yanafika. Mnara wa mita 100, mimi dirishani mita 4: kilomita 49. Juu ya mfenesi: 57 na ushei. Nimepandia nini? Kilomita nane!

ZAITUNI: Hesabu hiyo ni ya nchi tambarare. Dirishani kwako kuna mabati ya jirani, halafu kilima. Hizo 49 hukuwahi kuzipata hata siku moja.

HASSAN: Ndiyo maana nataka redio kali. Itanasa kilichofifia.

ZAITUNI: Redio hainasi kisichofika.

HASSAN: Kinafika, kimefifia tu.

ZAITUNI: Hakifiki, Hassan.

HASSAN: SDS100 inasifiwa pale minara mingi inaporusha sauti moja kwa pamoja, kwenye P25, ule mfumo wa redio za kidijitali...

ZAITUNI: P25 za Marekani! Hapa utamsikiliza nani? TETRA, mfumo mwingine wa kidijitali, hiyo SDS100 haiisomi. Na kilichofungwa kwa msimbo, skana ya dola 30 na ya 600 zote zinakoroma tu.

HASSAN: Boti hazifungi sauti zao kwa msimbo.

ZAITUNI: Na boti unazisikia hata kwa kidude chako.

HASSAN: Nikiwa na antena.

ZAITUNI: Si ndilo ninalosema!

HASSAN: Antena iliyoliwa na fenesi! Mimi naagiza, dada. Tusigombane.

ZAITUNI: Agiza. Utasikia kimya kwa dola 600.

HASSAN: Skana ya tatu ilikuwa Whistler TRX-1, na yale mambo matano ya kuangalia kabla hujanunua...

ZAITUNI: Adhana hiyo. Magharibi imeingia.

HASSAN: Haya, mambo matano ni siku nyingine.

ZAITUNI: Subiri, simu yako inaita. Ni Nalongo.

HASSAN: Usipokee! Ni lile tangi.