Wale wenye mashanta wanatafuta nini Bagamoyo?

Asalaam aleykum ndugu zangu wa Bagamoyo, na wote mnaonifuatilia mkiwa Dar, Chalinze mpaka Tanga. Leo namjibu shangazi yangu. Ameniuliza: hawa vijana wa Kizungu wanashuka kwenye daladala jasho linawatiririka, shanta kubwa kuliko mwili, wanalala chumba kimoja watu sita. Kwao wana kila kitu, sasa wanatafuta nini?

Shangazi, huku Ujerumani kusafiri ni sehemu ya malezi. Wapo mafundi, maseremala na waezekaji, wanaoshika desturi ya zamani: akihitimu, fundi anafunga kifurushi, anavaa suti yake nyeusi na kofia ya pama, anaondoka kwao miaka 3 na siku 1. Muda wote huo haruhusiwi kusogea nyumbani kwao karibu zaidi ya kilomita 50. Nilimwona mmoja stesheni hapa Hamburg, kijana mdogo kabisa, fimbo yake imepindapinda. Fundi asiyeona kazi za wengine wanamhesabu hajaiva.

Wenye mashanta nawaona hivyo hivyo. Wanataka siku ambazo hakuna anayejua ni mtoto wa nani wala amefaulu nini. Na wanataka watu. Yule aliyekaa benchi la mama chapati, anaikata chapati kwa kisu, mama anamshika mkono: mega hivi, chovya kwenye chai. Huku utaishi ghorofa moja na jirani mwaka mzima usijue jina lake.

Kinachoniuma ni sisi. Safari kwetu ni msiba, harusi au hospitali, basi. Na mji wetu umejengwa na wasafiri! Wapagazi walitembea miezi kutoka Ujiji na Tabora, pembe za ndovu begani. Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa mmisionari Livingstone, waliibeba maiti yake kutoka Zambia ya leo, wakaifikisha Bagamoyo Februari 1874. Yale hayakuwa matembezi, wengine waliletwa utumwani wakiwa kwenye minyororo. Lakini nchi hii waliijua kwa miguu yao.

Visa za huku ni ngumu, siwadanganyi. Lushoto je, inataka visa? Magofu ya Kaole yako hapo hapo, bodaboda tu, msikiti wa karne ya 13, na wapo watu wazima wa Bagamoyo hawajayakanyaga. Kijana akisema anataka kwenda kuona tu, jamani, msimwite mhuni. Mchangieni nauli.

Shangazi, nikija likizo jiandae. Tunapanda treni mimi na wewe mpaka Kigoma, tukaione Ujiji.