Kamera ya Gari Isimalize Betri

Ndugu zangu, niwasimulie asubuhi moja. Nilizungusha ufunguo, starta ikalia "tk, tk, tk", kisha kimya. Betri ilikuwa imeisha chaji. Kilichoimaliza ni kamera ndogo ya kioo cha mbele, niliyoiunga mwenyewe kwenye umeme wa kudumu, ule usiokatika hata gari likizimwa, ili ilinde gari usiku.

Tupige hesabu. Kamera ya wati 5 kwenye betri ya volti 12 inavuta karibu ampea 0.4. Ni kidogo, sivyo? Sasa zidisha kwa saa 24: karibu ampea-saa 10. Betri za magari madogo nyingi zina ampea-saa 45 hadi 60, na hazikuundwa kunyonywa polepole mpaka chini. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, starta izunguke. Gari likilala siku tatu bila kuwashwa, mmeshaona tunakoelekea.

Ndiyo maana kati ya kamera na fyuzi tunaweka kikasha kinachoshusha volti 12 kuwa 5, na kinachokata umeme betri ikishuka hadi kiwango ulichopanga. Hapo ndipo nawaomba mnisikilize sana. Betri iliyojaa, injini ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 hivi. Vikasha vingi vina viwango kadhaa, tuseme 11.8, 12.0, 12.2 na 12.4, na watu hukimbilia cha chini ili kamera irekodi muda mrefu. Msifanye hivyo! Kwenye 11.8 betri imeshakwisha. Wekeni 12.2; lakini betri ikiwa ya zamani, au mahali pakiwa na baridi kali, wekeni 12.4. Heri kamera izimike saa nane usiku kuliko kumkwamisha mgonjwa anayekimbizwa hospitali alfajiri.

Nyaya za kikasha ni tatu: wa umeme wa kudumu, wa umeme unaokuja ukiwasha swichi, na wa bodi. Rangi hutofautiana, someni karatasi yake. Hata mchoro wa kifuniko cha fyuzi msiuamini peke yake. Shikeni mita ya kupimia volti, ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi, nyekundu kwenye fyuzi, kisha washa na uzime swichi mjionee. Fyuzi za mifuko ya hewa na za breki msiziguse kabisa. Ya redio inatosha.

Ukishachomoa fyuzi ili uweke kishikio cha fyuzi mbili, pima matundu yote mawili. Tundu lenye moto, yaani lenye umeme, lipokee ule mguu unaolisha fyuzi zote mbili. Ukigeuza, kamera itawaka vilevile, lakini mzigo wake utapitia fyuzi ya zamani pia. Waya wa bodi ufungwe kwenye bolti inayogusa chuma kitupu. Rangi haipitishi umeme.

Nguzo ya kando ya kioo cha mbele, unapopitishia waya wa kamera, ikiwa na mfuko wa hewa, fungua kifuniko, pitisha waya nyuma ya mfuko, ufunge kwenye nyaya za gari zilizopo. Ukipita mbele, mfuko ukifyatuka unaweza kuurusha waya huo usoni mwa abiria.

Kesho yake, kabla ya kuwasha injini, pima betri. Ikisoma chini ya kiwango ulichopanga, ama kikasha hakikati, ama kuna kingine kinachovuta umeme. Chomoa kwanza waya wa kudumu, ndipo uanze kutafuta.